Nani Anauvisha Ukurasa? Historia ya CSS Ikisomwa kutoka Kahama na Geita

Historia ya kurasa za mtandaoni huwa inasimuliwa kama historia ya urembo. Hapo mwanzo kulikuwa na kurasa za kijivu zenye maandishi meusi na viungo vya bluu, halafu wakaja wajanja wakaleta rangi, halafu fonti, halafu picha zinazoteleza zenyewe, na leo tumefika. Ni simulizi tamu, na ukiisoma mahali penye Wi-Fi ya bure unaweza kuiamini yote. Mimi nataka tuipitishe njia nyingine: Shinyanga mjini, Kahama, Bulyanhulu, mpaka Geita na vijiji vyake vya wachimbaji wadogo. Huku ukurasa una bei hata kabla hujausoma, na mtu akiona ukurasa umependeza sana, swali linalofuata ni umekula MB ngapi.

Kwa wenzangu wa riwaya na mashairi ambao hamjawahi kufungua tumbo la ukurasa, maelezo mafupi tu, sitawachosha. Kila ukurasa mnaousoma una sehemu mbili. Kuna maandishi yenyewe, yaliyowekewa alama za kusema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha. Lugha ya alama hizo inaitwa HTML. Halafu kuna karatasi ya pembeni inayosema kichwa kiwe na rangi gani, aya iwe na upana gani, mstari na mstari viachane kiasi gani. Hiyo ndo CSS. Maandishi ni mtu, CSS ni nguo zake, na mtu ni yuleyule akivaa kaptula ya shambani au suti ya kwendea kuposa.

Anayeijua kanga anaelewa haraka zaidi. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina nafasi ambayo mchoraji anajua kuiacha ili mji usigandamane na pindo. CSS inakichukulia kila kitu kilichomo kwenye ukurasa kuwa kisanduku cha namna hiyohiyo: katikati maandishi, kisha nafasi ya ndani, kisha pindo, kisha nafasi ya nje inayokitenga kisanduku na jirani yake. Vitabu vya kufundishia vinachora mistatili minne iliyopandana, na wanafunzi wanazichanganya nafasi ya ndani na ya nje wiki nzima. Wangetandikiwa kanga mezani ingewachukua dakika tano. Na kwa kuwa Usukuma ndiyo kanda kubwa ya pamba nchini, mfano huu hatujaazima kwa mtu.

Sasa turudi nyuma. Mtandao wa kurasa uliasisiwa na Tim Berners-Lee kwenye maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mwaka 1991 ukafunguliwa kwa umma. Shabaha ilikuwa wanasayansi wasomeane ripoti zao. Ukurasa haukuwa na nguo ya kwake, kila kivinjari kiliuonyesha kilivyopenda. Watu wa magazeti na matangazo walipoingia wakaanza kuuliza: sisi tunataka kichwa kiwe chekundu, tufanyeje? Tarehe 10 Oktoba 1994, Mnorwe mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapohapo CERN, Håkon Wium Lie, akatoa pendekezo la karatasi za mitindo.

Kuna kitu kwenye pendekezo hilo la kwanza ambacho wasimulizi wengi wanakiruka. Lie hakusema mwandishi wa ukurasa ndiye aamue kila kitu. Alisema mwandishi aombe. Aseme nataka kichwa cha ukubwa huu, na aseme pia anakitaka kwa asilimia ngapi. Msomaji naye ana matakwa yake. Labda macho yake ni mazito na anataka herufi kubwa. Kivinjari kinakaa katikati kama mshenga, kinasikiliza huku na kule, kisha kinatoa jibu ambalo nyumba zote mbili zinaweza kuishi nalo. Jina lenyewe la CSS lina neno la maporomoko ya maji, yaani matakwa yanashuka ngazi kwa ngazi, ya huyu na ya yule, mpaka yakutane chini.

Asilimia zile hazikudumu. Lie alishirikiana na Mholanzi Bert Bos, wakazichonga kanuni upya, na CSS ya kwanza ikapitishwa rasmi Desemba 1996. Lakini wazo la msingi lilibaki humo ndani: msomaji naye anaruhusiwa kuwa na karatasi yake ya mitindo, na yapo mazingira ambamo neno lake linashinda la mwandishi. Shikeni hapo, nitapahitaji baadaye.

Miaka iliyofuata siiombolezi. Vivinjari viligombana, kila kimoja kikaifuata CSS nusunusu, na wabunifu wakaamua kupanga kurasa kwa majedwali yaliyotengenezwa kwa ajili ya takwimu, wakijaza mapengo kwa vipicha vya nukta moja visivyoonekana. Ukifungua tumbo la ukurasa wa 1999 unakuta jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali. Mwaka 2003 Mkanada Dave Shea alifungua ukurasa mmoja akauita CSS Zen Garden, akawaalika wabunifu wauvishe bila kugusa hata herufi moja ya HTML yake. Mmoja akautoa kama bango la sinema, mwingine kama bustani, na maandishi ni yaleyale. Kwa waliokuwa na mtandao wa kutosha ndo ulikuwa mwamko.

Kwetu mtandao wa kutosha ulikuwa bado. Kebo ya kwanza ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inapumulia satelaiti, na kwa mtu wa Shinyanga intaneti ilikuwa chumba cha kompyuta chache zinazolipiwa kwa muda, jicho moja kwenye skrini na jicho moja kwenye saa. Hapo nani ana nafasi ya kutembea bustani ya mtu? Unafungua barua pepe, unajibu, unatoka. Mtandao ulitufikia kwa upana kupitia kitu kingine kabisa, nacho ni simu ndogo yenye programu ya Opera Mini.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndo kiini cha habari yenyewe.

Opera Mini ilitolewa kwa dunia nzima Januari 2006. Ilikuwa inakubali hata simu za kawaida zenye Java, zisizo na ubavu wa kufungua ukurasa kamili. Ukiandika anwani, ombi lako haliendi moja kwa moja kwenye tovuti. Linakwenda kwanza kwenye seva za Opera. Seva inaufungua ukurasa kwa niaba yako, inaupunguza, inaubana (kampuni ilijinadi kwamba inaweza kuokoa mpaka asilimia 90 ya uzito), kisha inakutumia kilichobaki. Na kilichobaki hakikuwa nguo alizoshona mbunifu. Safu tatu zilikuwa safu moja ndefu. Fonti aliyohangaika kuichagua ilitupwa, ukapewa ile iliyomo kwenye simu yako. Picha zilififishwa, na ukitaka ulizizima kabisa. Yaani ukurasa ulivuliwa koti, tai na viatu vya kuchongoka, ukapita kwenye mlango mwembamba wa simu ukiwa na shati tu. Lakini ulipita! Na ulisomeka.

Unajua fundi mkuu wa kampuni ya Opera wakati huo alikuwa nani? Håkon Wium Lie. Alijiunga nayo kama mkuu wa teknolojia mwaka 1999. Mtu aliyeupa ukurasa nguo ndiye alikuwa kinara wa ufundi kwenye kampuni iliyouvua nguo ili utufikie.

Wengine wanaona hapo kinaya. Mimi sikioni. Kwangu lile pendekezo la 1994 halikufika popote kwa ukamilifu kama lilivyofika kwenye simu ya mtu wa Kahama aliyezima picha ili bando lifike jioni. Mwandishi ameomba, msomaji ametaka, mshenga amepatanisha, na safari hii msomaji ameshinda. Wabunifu wa London na San Francisco walilalamika kwamba Opera Mini inaharibu kazi zao. Kwa upande wao ni kweli. Ila ukiipima kwa kanuni ya CSS yenyewe, ilikuwa inamtendea haki mtu wa pili kwenye mazungumzo, ambaye walikuwa wamemsahau.

Na kama mtaniruhusu nichomekee: W3Schools, tovuti ambayo vijana kibao wa nchi hii wamejifunzia CSS kwa sababu ni ya bure na kila somo lina kitufe cha kujaribu mwenyewe, nayo imetoka Norwei, ilianzishwa 1998. Kwa hiyo aliyejifunza mitindo ya kurasa akiwa Shinyanga au Geita alikutana na Wanorwe mara tatu: aliyebuni lugha, waliotengeneza kivinjari, na waliotunga masomo. Sijui kama kuna nchi nyingine ndogo iliyotugusa kiasi hicho bila sisi kujua.

Halafu blogu zikaja. Ndesanjo Macha alikuwa amefungua Jikomboe kwa Kiswahili mwaka 2004, Issa Michuzi akafuata 2005, na baada yake kila mkoa ukawa na blogu zake. Shinyanga inajulikana kwa Malunde 1 Blog mpaka leo. Wengi walitumia Blogger ya Google kwa sababu haina gharama, na Blogger ilikuwa na mlango mmoja ambao ulifundisha watu wengi kuliko darasa lolote: ukurasa wa kuhariri HTML ya templeti. Unabofya, na mbele yako linamwagika bahari la kodi (sio ile ya TRA, kodi za kompyuta), mistari mamia kwa mamia usiyoielewa. Ila ukitafuta vizuri unaona neno la rangi na mbele yake alama ya reli na tarakimu sita. Unabadilisha tarakimu, unahifadhi, unafungua blogu. Kichwa kimekuwa kijani! Siku hiyo huwezi kulala.

Watu wa kanda ya dhahabu wana neno zuri la namna hii ya kujifunza, ingawa hawakulitunga kwa ajili ya kompyuta. Mawe yakishasagwa karashani na mchanga kuoshwa kwa zebaki, mchanga ule haujafa. Unaitwa marudio. Uoshaji wa kwanza unaacha dhahabu nyingi ndani yake, kwa hiyo marudio yana bei, na mwenye mtambo wa sayanaidi anayanunua ili atoe kilichobaki. Templeti za bure zilikuwa marudio ya wabunifu wa mbali. Mtu alikuwa ameshachukua alichotaka, akazimwaga mtandaoni, sisi tukaokota, tukachekecha tena. Humo mlikuwa na dhahabu, ni kweli, lakini mlikuwa pia na takataka za mwenyewe: vihesabio vya wageni, theluji ya Krismasi inayodondoka juu ya habari za mnada wa ng'ombe, viungo vya matangazo chini kabisa ambavyo ukivifuta templeti nzima inagoma.

Shule hiyo ilikuwa na nguvu yake na upungufu wake. Ilizaa watu wenye mkono, wasioogopa kugusa. Lakini aliyejifunza kwa kubadilisha rangi tu anaweza kukaa miaka bila kujua kwa nini ukurasa umesimama ulivyosimama, sawa na mtu anayepaka nyumba rangi kila mwaka bila kujua nguzo ziko wapi. Na lugha yetu ilikuwa na mitego yake midogo ambayo hakuna somo la Kinorwe lililoitaja. Andika neno ng'ombe ndani ya alama moja za kunukuu kwenye karatasi ya mitindo, na kompyuta itasoma "ng", ione alama, ifunge sentensi, kisha ishangae "ombe" ni mnyama gani. Mbunifu wa Usukuma anakutana na balaa hilo mapema, maana majina yenye ng' yako kila kona.

Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala iliyobadilisha kazi nzima. Alisema tuache kutengeneza ukurasa mmoja wa kompyuta na mwingine wa simu. Tutengeneze mmoja unaojinyoosha na kujikunja, wenye masharti ndani ya CSS: skrini ikiwa pana fanya hivi, ikiwa nyembamba fanya vile. Kwa wenzetu ilikuwa habari mpya kwamba msomaji anaweza kuwa na kitu kidogo mkononi. Kwetu msomaji alikuwa hajawahi kuwa na kingine. Agosti 2011 vijana wawili wa Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton, wakatoa Bootstrap, kifurushi cha mitindo iliyokwisha kushonwa, unachukua na kuvaa. Mwezi Machi 2012 Geita ikawa mkoa. Juni mwaka huohuo masharti ya skrini yakapitishwa kuwa kiwango rasmi cha mtandao. Najua matukio haya mawili hayana undugu, ila nikiyaona kwenye kalenda moja natabasamu.

Machi 2017 ndo mwezi wa kukumbuka. Huku kwetu kila redio ilikuwa makinikia. Rais Magufuli alikuwa amepiga marufuku kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi, mchanga uliokuwa ukitoka Bulyanhulu na Buzwagi, na Kahama nzima ilikuwa inajiuliza ajira zitakuwaje. Mwezi huohuo, ndani ya wiki chache tu, vivinjari vya Firefox, Chrome na Safari viliwasha CSS Grid. Kwa mara ya kwanza tangu 1991 ukurasa ulipata chombo kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupanga: unachora safu na mistari, kisha unasema hiki kikae hapa, kile kikae pale. Pamoja na ndugu yake mkubwa, Flexbox, gridi ilimaliza enzi ya majedwali na vipicha vya nukta moja. Mambo yaliyokuwa yanahitaji ujanja wa miaka kumi yakawa mistari mitatu.

Na ajabu ya bahati mbaya, chombo kikubwa kilifika wakati uwanja wa mazoezi unazungushiwa ua. Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni, na wakati huo ukijumlisha ada ya maombi, ada ya leseni na ada ya mwaka ilikuwa inazidi shilingi milioni 2. Hoja za serikali kuhusu uchochezi na habari za uongo zimejadiliwa sana na wengine. Mimi naangalia kona moja tu ambayo sikuona ikizungumzwa. Blogu ya kijana wa Geita au Shinyanga haikuwa gazeti. Ilikuwa daftari la mazoezi. Humo alijaribu rangi, akavuruga, akarekebisha. Ukimwambia daftari linalipiwa leseni, atalifunga, na wengi walilifunga. Wakahamia Instagram na WhatsApp, ambako hakuna CSS ya kugusa. Kila mtu amevaa sare ya kampuni, na huwezi kufungua tumbo la sare ukajifunza kushona.

Kwa nini nawasumbua na haya ninyi watu wa fasihi? Kwa sababu ya ushairi, kwa kweli.

Chukueni tarbia ya kawaida, mizani 16 kwa mshororo: ukwapi una 8, utao una 8, vina vya kati na vina vya mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria hizi kwenye kitabu chake cha 1954, na kabla yake gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa limewazoesha wasomaji kuona mashairi yamepangwa kwenye safu zake. Mshororo kama huo una herufi kati ya 35 na 40 hivi. Kwenye kitabu unakaa vizuri. Kwenye simu ndogo haukai. Neno la mwisho, lile lenyewe linalobeba kina, linaangukia mstari wa chini peke yake kama mtoto aliyeachwa stendi. Mishororo minne inakuwa minane iliyopinda, na msomaji asiyejua arudhi anadhani mshairi ndiye aliyepinda.

Watu walijaribu dawa mbili. Ya kwanza ni kubonyeza nafasi nyingi ili kuusukuma utao upande wa kulia. Haifanyi kazi, kwa sababu HTML ikikuta nafasi kumi zimefuatana inazimeza zote inabakiza moja. Ya pili ni kuandika shairi kwenye Word, kulipiga picha na kuipandisha picha hiyo, na hii mnaiona mpaka leo. Ubeti wenye herufi zisizofika 200 unageuka picha yenye uzito mara mia na zaidi. Hautafutiki Google. Kipofu anayesomewa na simu yake hasikii kitu. Na mwenye Opera Mini aliyezima picha anaona kisanduku kitupu.

Flexbox inalitibu jambo hili kwa mistari isiyofika kumi. Unaufanya kila mshororo kuwa kisanduku chenye vipande viwili. Unakiambia kisanduku: nafasi ikitosha waweke bega kwa bega, isipotosha utao ushuke chini ya ukwapi, uingie ndani kidogo. Basi. Kwenye kompyuta unaona safu mbili kama za kitabu, vina vimejipanga wima. Kwenye simu ya kiswaswadu chenye skrini ya vidole viwili unaona ukwapi, utao, ukwapi, utao, na hakuna kina kilichopotea. Maandishi hayajaguswa. Ongeza alama ya kuwaambia mashine kwamba lugha ni Kiswahili, herufi mbili tu, "sw", na programu ya kuwasomea vipofu inajua isitamke kwa Kiingereza.

Hili la kuvisha maandishi yaleyale kwa nguo tofauti wazee wetu walilijua. Katika miswada ya zamani ya hati ya Kiarabu, vipande vinne vya ubeti wa utenzi mara nyingi viliandikwa kwenye mstari mmoja mrefu, vikitengwa kwa alama ndogo. Ilipofika hati ya Kilatini na mashine za uchapaji, vipande vikashushwa, kila kimoja mstari wake, na sisi tukakua tukidhani ndiyo sura ya utenzi tangu uumbaji. Mizani 8 kwa mstari: utenzi uliochapwa hivyo unaingia kwenye simu yoyote bila kuvunjika. Tarbia ndo yenye shida.

Sasa fikirieni uzito. Makala hii mnayoisoma, maandishi matupu, haifiki KB 20. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi na kupandishwa bila kupunguzwa inaweza kuwa MB 3, yaani makala 150 kama hii. Fonti moja tu ya kupendezesha vichwa inaweza kuwa nzito kuliko makala nzima inayoivaa. Vijana wanaojifunza leo, wengine wakiandikia kodi kwenye simu kwa kidole gumba, wanaanza moja kwa moja na vifurushi vikubwa na mafunzo ya YouTube, ambako picha kubwa inayojaza skrini ndiyo salamu ya kwanza. Wanajua gridi kuliko sisi tulivyowahi kujua. Wanachokosa ni ile adabu tuliyofundishwa kwa nguvu na Opera Mini, ya kujua kwamba upande wa pili kuna mtu anahesabu.

Anayetaka kuiona adabu hiyo ikiwa hai asiende mbali. Afungue matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA. Ukurasa wa shule ni jedwali, namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, masomo, na karibu hauna pambo lolote. Wabunifu wanaucheka. Siku ya matokeo tovuti inaelemewa na watu, lakini ukishaupata ukurasa wa shule yako unafunguka kwenye simu ya aina yoyote, Nyarugusu au Masaki, na mzazi aliyesimama steshenari akisubiri kuprintiwa anapata jibu lake kwenye karatasi moja. Sijui ukurasa mwingine wa Kiswahili au Kiingereza nchini unaosomwa kwa moyo unaodunda kiasi hicho. Ungeweza kuvalishwa vizuri zaidi, ndiyo. Mistari ishirini ya CSS ingempa mzazi herufi kubwa na safu zisizobanana. Lakini kama ni kuchagua kati ya ulivyo na kuupa picha ya wanafunzi wanaotabasamu inayojaza skrini, uacheni ulivyo.

Na yale matakwa ya msomaji ya 1994? Yamekuwa yakipungua na kurudi. Mapema 2014 Chrome iliondoa uwezo wa msomaji kuweka karatasi yake mwenyewe ya mitindo, na wachache waligundua. Mwaka 2019 vivinjari vikubwa vilianza kukubali sharti la giza: msomaji akisema kwenye simu yake anapenda skrini nyeusi usiku, ukurasa unaweza kumsikia na kubadili nguo. Kuna sharti lingine la ukoo huohuo, la msomaji kusema punguza data, bando langu ni dogo. Limeandikwa kwenye rasimu ya viwango, lina jina na maelezo yake, ila vivinjari vikubwa havijaliwasha kwa watu wa kawaida. Mpaka liwashwe, anayemtengenezea ukurasa mtu wa Kakola au Nyarugusu inabidi alitekeleze kwa mkono wake: picha isubiri kubofywa, fonti iwe ile iliyomo tayari kwenye simu, na shairi liwekwe kama maandishi.